Baba, Visiki Vyako Vimechipuka

Baba,

Nilitaka kuanza na "mpendwa" kama watu wanavyoanza barua, lakini leo neno hilo halitoki. Usikasirike. Huko uliko najua una amani, na hata ulipokuwa huku ulikuwa nayo, ukaitaja kila siku mpaka nikaichukia.

Unaikumbuka asubuhi uliyokata miraa? Uliokoka Jumapili, na Jumatatu, chai ikiwa bado jikoni, ukashuka na shoka kule chini karibu na kijito. Ukaanza na mti mkubwa wa babu. Majirani walijaa kwenye uzio. Wazee walikusihi uache, wakakukumbusha kwamba miti ile ilipandwa na baba wa babu yako. Ukaendelea kukata. Mama alisimama na mwiko mkononi, uji ukiungua ndani. Kufikia saa nane miti yote kumi na saba ilikuwa chini, na wewe umekaa juu ya kisiki ukiimba. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nikakuuliza tutakula nini, ukasema, "Kendi, mimi niko na amani."

Wewe. Na sisi je?

Miraa ile ndiyo iliyokuwa ikinisomesha. Muhula uliofuata sikurudi shule. Niliishia kidato cha pili, nikaenda na mama kuchuna majani chai ya watu. Jioni tulirudi tumelowa chapachapa, tukakukuta karibu na moto na Biblia yako, unaimba tu. Si ungeacha kutafuna, na miti uiache isimame? Ni wangapi pale kanisani wamesomesha watoto kwa miraa na bado wanashika sahani ya sadaka?

Sitaki kukuonea, kwa hiyo nitasema na hili. Kabla ya siku ile nilikuogopa. Ulitafuna miraa ukakosa usingizi, ukanywa pombe ili usinzie, na usingizi ukikataa ni mama aliyepigwa. Baada ya siku ile hukumwinulia mkono tena, hata mara moja. Hilo nalishukuru. Lakini mtu anaweza kushukuru na bado awe na hasira, na mimi nimekuwa na vyote viwili kwa miaka mingi.

Kilichonichoma zaidi ni ushuhuda wako. Kila kulipokuwa na mkutano ulisimama ukasema, "Siku ile Bwana alinipa amani, na haijaniacha hata siku moja." Kanisa lote likaitikia amina. Nami nilipookoka, tayari nimeolewa Meru mjini na ninauza ndizi soko la Gakoromone, nilijaribu kukusamehe vivyo hivyo, mara moja basi. Nilipiga magoti Jumapili, nikalia, nikainuka mwepesi. Jumatano mama mmoja akaja kununua ndizi na binti yake amevaa sare ya sekondari, na hasira yote ikarudi mahali pake. Nikaomba tena. Ikarudi tena. Miaka, baba! Nikaona wokovu wangu ni wa bandia. Niliacha kushuhudia, halafu nikaacha kushiriki meza ya Bwana, kwa sababu nilijiona mnafiki. Tulipokuzika nilikuwa katika hali hiyo.

Sasa mvua hii iliponyesha, kitinda mimba wako Mwenda alinipigia simu. "Dada, kuja uone. Miraa ya mzee imechipuka yote. Tukiiwacha hivi, mwaka ujao tunavuna."

Nikaenda. Ulipokuwa hai hukumruhusu mtu kulima kule chini, na tangu zamani wanawake wa kwetu hawaigusi miraa, kwa hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama katikati ya visiki vile. Machipukizi mekundu yalinifika kiunoni. Nilipoyatenganisha niliona makovu ya panga kwenye kila kisiki. Ya zamani yalikuwa yamekauka na kuwa meusi, juu yake kulikuwa na mengine, na juu ya hayo mengine tena. Nikamwita mama.

"Kwani ulifikiri alikata siku moja?" mama akasema. "Kila mvua ikinyesha, huyo alikuwa anashuka na panga. Siku zingine anarudi akilia kama mtoto. Anaona hizo laini laini, mdomo inataka. Mimi nikisikia tu hiyo panga huko chini, najua hii nyumba itakuwa na amani."

Baba, hasira ikarudi yote. Kwa nini hukusema? Ulisimama mbele ya watu ukatusimulia siku moja, ukatuficha miaka yote. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la tatu nikidhani ni mimi peke yangu ninayechipuka. Ungesema tu, "Juzi nilienda tena kukata," ningejua sijapotea. Hayo maneno machache ndiyo uliyoninyima, na yananiuma kuliko shule.

Mwenda alitaka tuyaache yakue. Nikamwambia akitaka miraa apande yake kwake, visiki hivi vikikatwa ndipo mama anajua nyumba ina amani. Nikachukua panga lako nyuma ya mlango, lile lenye mpini uliofungwa raba, nikakata mpaka kiganja kikafura. Sikuimba. Nilikulaumu kwa sauti, kisiki baada ya kisiki, na mama alikuwa pale juu mlangoni akisikia yote. Nilipofika kwenye kisiki cha mwisho nilikuwa nimeishiwa na maneno. Nikaketi pale ulipoketi siku ile, na moyo wangu ukatulia. Niliomba hapo hapo, kwa kifupi, na kwa mara ya kwanza sikumwomba Mungu aniondolee hasira siku hiyo hiyo.

Jumapili nilishiriki meza ya Bwana. Kisha nikasimama kushuhudia, nikaliambia kanisa habari za panga lako. Amina ilichelewa kidogo, halafu mzee mmoja wa nyuma akaanza kulia.

Basi pumzika, baba. Leo nimekusamehe. Mvua ijayo nitashuka tena na panga, na nitakusamehe tena.

Binti yako,
Kendi