Namba Zilizobaki

Doha, 6 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Mimi ni mzima, ni mgongo tu unaonisumbua kwa kusimama, na natumaini barua hii inawakuta salama, wewe na binti yangu Chelsea. Goti lako linaendeleaje? Unapaka ile dawa niliyotuma ama umeshawagawia majirani?

Kama kawaida naandika kwa simu, namtumia Mwalimu Shiru akuchapishie pale kwenye klabu ya kompyuta. Shiru, asante, na usicheke makosa yangu.

Ijumaa nilienda Fereej Bin Mahmoud kwa Milka, yule nesi, nikachukua mzigo. Kipimajoto alichotengeneza Chelsea kimefika kizima, kimefungwa ndani ya soksi yangu ya zamani. Nilikichomeka kwenye chaja ya simu, na sauti yake ikasema, "Ishirini na tisa." Mama, nilikaa chini. Mtoto wa miaka kumi na moja, anayejifunzia kwenye ukumbi wa kanisa baada ya shule, kwa kompyuta zilizotupwa na watu, leo anapima joto la Doha! Joto likipanda au kushuka digrii moja, anaitaja namba. Job, tunayeishi naye chumba kimoja hapa Industrial Area, humwitikia, "Sawa, madam."

Lakini mwambie fundi kazi yake ina kasoro. Geti ninalolinda liko Al Thumama, na kibanda chetu ni cha mabati. Ikifika saa tano mchana Chelsea anasema, "Arobaini," halafu kimya mpaka jioni. Kwani anaogopa jua? Aongeze namba upesi, kabla ya Juni, la sivyo namrudishia kazi yake.

Mwanao,
Wesley


Mathare, 17 Aprili 2025

Baba Chelsea, mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi tuko, tunakula, tunalala. Goti linauma siku za mvua, na mvua ni kila siku, basi piga hesabu mwenyewe. Dawa sikugawa. Niligawa kidogo tu.

Barua yako Chelsea ameisoma mara tatu, tena kwa sauti, kana kwamba mimi ni kiziwi. Anasema mashine haina kasoro, kasoro ni ya Doha. "Kukhu, bibi yangu, nilirekodi kutoka sifuri hadi arobaini kwa sababu watu hawaishi mahali panapozidi hapo. Kwani Baba anaishi kwenye oveni?" Shiru akamwonyesha kwenye kompyuta kwamba mahali hapo papo na watu wanaishi. Tangu siku hiyo hana raha. Ananiuliza kama unaungua. Nimemwambia babake ana ngozi ngumu, alichapwa sana akiwa mdogo.

Sasa anataka kurekodi arobaini na moja hadi hamsini. Siku za klabu haiwezekani, watoto ishirini na wawili wanapiga kelele kama kuku wameona mwewe. Kwa hiyo ataingia Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, ukumbi ukiwa mtupu. Ufunguo ninao mimi, si ndimi ninayefagia. Shiru ameshamfundisha kila kitu, hata ile sauti yake ya kwanza iko ndani ya kompyuta ya klabu, anaongezea tu.

Kunywa maji, Wesley. Mtoto akiuliza tena nimjibu nini?

Mamako


Mathare, 18 Mei 2025

Mwanangu,

Salamu sijui nizianzie wapi. Nimefika jana kutoka Bungoma. Kaburi limekaa vizuri, liko upande wa babako, chini ya ile mindizi. Niliambiwa ruhusa yako ya kuondoka kazini ilitoka siku tatu baada ya mazishi. Sikulaumu. Nilikuwekea mchanga kidogo kwenye karatasi.

Umesikia kwa simu mengi, tena kwa watu wengi, na sijui umebaki na yapi. Ni hivi. Jumamosi ile mto uliacha njia yake mchana, ukaingia ukumbini Chelsea akiwa ndani. Mlango hufungukia ndani, na maji yaliyoingia yalikuwa yameubana, asiweze kuuvuta. Basi.

Kompyuta zote zilienda. Picha zake ninazo mbili, ile ya shule na ile ya Krismasi. Sauti sina. Simu yangu ni hii ya vibonyezo, haikuhifadhi kitu. Wesley, sauti ya mtoto imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya hicho kipimajoto. Nakuomba mpe Milka akija likizo, nikisikie hata wiki moja. Watoto wa klabu wanakiomba pia. Wamepewa chumba kingine huku juu, lakini wanakaa tu, hawagusi kitu.

Mamako


Doha, 15 Juni 2025

Mama,

Niko. Barua nimeipata.

Kifaa hakipo. Joto la Mei lilikiharibu, nikakitupa. Samahani.

Na hao watoto wa klabu wasiniombe chochote. Klabu ilikuwa ya nini? Mtoto wa Mathare arudi nyumbani baada ya shule, ale, alale. Kuna mtu alimwacha mtoto wangu peke yake kwenye nyumba iliyo kando ya mto, katika msimu wa mvua, ili apige hesabu za joto. Shiru, najua unaisoma hii kabla ya Mama. Isome vizuri. Wewe ndiye mwalimu. Ulikuwa wapi?

Wesley


Mathare, 29 Juni 2025

Wesley mwanangu,

Uko salama? Unakula? Nimekuuliza kwanza kwa sababu mimi bado ni mamako.

Shiru alichapisha barua yako, hakuficha hata neno moja. Alinipa, akasimama mlangoni akingoja nimalize. Sasa nami nitaandika jambo ambalo sikulisema pale kaburini, na barua hii ataipiga picha yeye mwenyewe ndipo ikufikie. Basi lisomeni nyote wawili.

Jumamosi ile Shiru alinipigia simu asubuhi. Alisema mto umejaa, ukumbi usifunguliwe. Nikasema sawa. Mchana mvua ikaacha, jua likatoka hata nikaanika nguo. Chelsea akaniambia, "Kukhu, ni namba kumi tu. Baba anangoja." Nami nikatoa ufunguo shingoni nikampa. Nilimwambia aharakishe, kisha nikaendelea kuanika.

Shiru alijua tangu siku ile, maana ufunguo ulipatikana mkononi mwa mtoto. Hajamwambia mtu. Watu wamemtukana sokoni, nami niko hapo hapo nanunua mboga ya sukuma, nimenyamaza. Kama unatafuta wa kuchukia, nipo. Sitakimbia, hili goti halikimbii.

Lile jingine: Olivia, aliyekuwa akikaa dawati moja na Chelsea, anasema joto haliui sauti. Anasema ndani ya kifaa kuna kadi ndogo kama ukucha, na kadi hiyo hustahimili. Lakini mimi sihitaji Olivia aniambie. Wewe hata viatu vya babako ulishindwa kuvitupa, bado viko chini ya kitanda changu. Unacho, Wesley. Unacho na unakisikiliza peke yako.

Mamako


Doha, 24 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Nisamehe kwa wiki nane za kimya. Mwili wangu ni mzima.

Ninacho. Nilidanganya. Naogopa hata kukiandika, kana kwamba kitanisikia.

Nikueleze tulivyoishi naye. Asubuhi kwenye kibanda anaanza thelathini na tano, thelathini na sita, anapanda. Akisema arobaini anaondoka. Huku wakati wa kiangazi anaondoka mapema, saa tatu tu ameshaenda, na mimi nasimama getini mchana kutwa nikimngoja arudi. Jua likishuka anarudi na neno lile lile: "Arobaini." Kuna siku za Julai hakurudi mpaka zamu yangu ikaisha. Job amehamia chumba kingine. Alisema, "Wesley, mimi nakuheshimu, lakini huyu mtoto anajua niko hapa."

Na kwenye ule ukimya wa mchana nilikuwa najua anachofanya, Mama. Alikuwa amekwenda kunitafutia namba nilizomwagiza. Nani alimwambia aharakishe? Nani aliandika "kabla ya Juni"? Nilimtupia Shiru lawama kwa sababu kwangu mimi mzigo haukubebeka.

Jumanne nilipelekwa zamu kwenye hoteli. Stoo ya nyama inasimamiwa na Mganda mmoja, Douglas, mtu mwema. Nilimwomba niingie na kifaa, nikakichomeka kwenye ukuta wa kile chumba cha baridi. Sijawahi kumsikia chini ya ishirini. Akaanza kushuka. Kumi na tisa. Kumi na nane. Taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Douglas akasitisha alichokuwa akifanya. "Ssebo, bwana, huyo mtoto anahesabu nini?"

Ilipofika kumi, Chelsea hakuongea kwanza. Nyuma yake nikasikia ufagio. Kisha sauti yako, Mama, wazi kabisa, ikisema, "Sema kwa nguvu, babako yuko mbali." Akacheka, ndipo akasema, "Kumi."

Miezi yote hii nilidhani nimeweka mtu mmoja kwenye boksi. Kumbe nilikufungia na wewe humo, wewe na ufagio wako, siku ile mkiwa na furaha. Nililia mpaka Douglas akanitoa nje kwa mkono, nisigande.

Milka anasafiri tarehe kumi na mbili. Nimekifunga kwa soksi ile ile. Naogopa kipotee njiani, naogopa maafisa wa uwanja wa ndege, naogopa kila kitu, lakini nimeshampa.

Sikuchukii. Sitaki ujiweke hapo sokoni ungoje kuchukiwa. Tulimpenda tukamtuma, wewe na mimi.

Shiru, unasoma hii kabla yake. Nisamehe.

Mwanao,
Wesley


Mathare, 5 Oktoba 2025

Baba Chelsea, mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka kwangu na kwa watu wote wa huku. Nimeamka vizuri, goti limetulia, nawe natumaini umelala kwenye chumba chenye watu.

Mzigo umefika. Sikukichomeka siku hiyo. Nilikiweka kitandani, nikalala kwenye kiti. Asubuhi Shiru alikuja akanichomekea. "Kumi na sita," Chelsea akasema. Nikaitika, "Naam, mama," nikampa hata chai yake, nikaimwaga baadaye. Usinicheke.

Halafu watoto wakaomba kukifungua. Nilikataa, nikawaambia mkono wa mtu usiguse humo. Olivia akanishika bega kama mtu mzima: "Kukhu, hatumtoi. Tunamwandika tena." Wakaitoa ile kadi, na kabla maji ya chai hayajachemka wakawa wamemnakili mara tatu. Mara tatu, Wesley! Mimi na wewe tulikuwa tunanyang'anyana sauti ambayo watoto wa darasa la sita wanaweza kuigawa kama mkate. Moja iko klabuni, moja ni yangu, ya tatu ni ya akiba. Kumi nimeisikia. Nilikuwa nimesahau kabisa kama nilisema vile.

Kifaa chako Milka anakurudishia. Lakini kabla hakijafungwa Shiru aliuliza nani atamalizia namba zilizobaki. Watoto wakainamisha vichwa. Hakuna aliyetaka kukaa kwenye kiti cha kurekodia. Nami pia sikutaka. Nilikaa kwa sababu nilikuwa nimesimama muda mrefu.

Wakafunga madirisha, wakanyamaza wote ishirini na mmoja. Nilifungua mdomo, sauti ikatoka kama ya panya. Shiru akainuka. Kumbuka ni yeye uliyemwandikia yale, na ni yeye niliyemwacha atukanwe. Akaja akaniinamia, akasema, "Sema kwa nguvu, Mama. Yuko mbali."

Basi nimesema. Kuanzia arobaini na moja hadi hamsini ni mimi. Mwaka ujao jua likikukalia kichwani na mtoto akanyamaza, usiende kumtafuta, tulia hapo ulipo. Nitakuwa naongea mimi mpaka arudi. Kwenye arobaini na nne nimekohoa, walitaka nirudie nikakataa.

Mamako