Nusu Saa ya Kwenda Chake Chake

Mdogo wangu Mwanakombo,

Lipo jambo la siku ya mazishi ya mama nililokuficha mpaka leo. Nakuandikia kwa mkono wangu, mistari miwili kisha napumzika, kwa sababu daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi kliniki. Nimemwelewa.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Makorora? Mama alikutoa Pemba akakukabidhi kwangu usome Tanga, nami nilikuwa mwalimu wa jiografia. Sukari ilikuwa imeadimika. Tulikunywa chai chungu huku tukipima ramani ya ukutani kwa uzi. Nikakuonyesha: kutoka mjini Unguja hadi Chake Chake, kilomita mia na ishirini na ushei, nusu saa kwa ndege. Ukacheka mpaka chai ikakupalia.

"Nusu saa! Na foleni ya sukari tangu asubuhi hadi magharibi! Kaka, nikatie tiketi nikamwombe mama kijiko kimoja."

Kisha ukampenda Petro, kijana wa wale Wakatoliki wa shamba la mkonge, mkahamia Unguja. Mimi nikamwandikia mama na wajomba kwamba unasomea uuguzi. Niliona aibu. Nilikabidhiwa msichana, na wangeuliza nilikuwa wapi. Barua ya kwanza ikadai ya pili, ya pili ikadai nyingine, hata nikawa siwezi kurudi nyuma.

Biashara huria iliporuhusiwa ukapata kazi ya mapokezi hotelini, na ndege ndogo zikaanza kwenda Chake kila asubuhi. Mama alipozidiwa nilikwenda kumuuguza, nikakupigia simu.

"Tutakuja na Petro," ulisema. "Na tumbo langu hili, wajomba wajiandae!"

Ulicheka.

Kesho yake alfajiri mama akafariki. Nikaenda posta kukupigia tena. Njia nzima nilikuwa nikikuona unashuka na Petro mbele ya wajomba, na uongo wangu wote ukijulikana barazani. Kukuambia ni mbali nisingeweza; hesabu ile nilikufundisha mwenyewe. Nikakuambia tumeshamzika.

"Hata hamkuningoja? Kaka, hata kidogo?"

"Wajomba hawakutaka," nikajibu.

Niliporudi nyumbani nikawaambia wajomba kwamba umesema huna nafasi. Ndiyo sababu hawakujibu barua zako, na wewe kwa uchungu hukukanyaga tena Pemba. Kila upande uliniletea mimi malalamiko, nami nikapokea.

Sasa nimelala Nguvumali, hapa hapa Tanga. Mkwe wangu ananigeuza kama mkeka unaoanikwa. Ndege ya Pemba ikipita juu ya bati nafunika masikio kwa mto, kisha nangoja ya kesho. Hakuna pa kukimbilia ndani ya chumba hiki, na hata miguu ingekuwa na nguvu nisingepaona.

Sikuombi unisamehe. Ukikasirika, kasirika nami peke yangu. Msalimie Petro, na watoto ambao sikuwahi kuwapakata. Buriani, mdogo wangu.

Wajomba walikuwa wamekubali kukungoja mpaka alasiri. Ulipokuwa ukilia kwenye simu, mama alikuwa bado kitandani pake, hajaoshwa, na kaburi halijachimbwa.

Kaka yako