Usiwapakie Samaki Kwanza

Kisangani, Mangobo
Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025

Ndugu yangu Alfani,

Pokea salamu zangu kutoka Mangobo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Isangi, na kwamba ile homa iliyokuwa ikikusumbua mwezi wa nne imekuachia. Mama yako naye anaendeleaje na miguu yake? Sisi hapa hatujambo. Mke wangu Falonne anakohoa kidogo kwa ajili ya vumbi, na Grâce ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akicheka anaziba mdomo kwa mkono kama bibi harusi.

Barua hii anakuletea Mama Berthe muuza samaki wa moshi, anayeshuka na boti kesho asubuhi. Nimemwomba akupe mkononi, asimwachie mtu. Daktari Télesphore amekupigia simu mara nne leo, lakini huko uliko na wavuvi mtandao haushiki. Mimi simu yangu huipokei tangu mwezi wa tano, sasa najua sababu. Kwa hiyo nakuomba jambo moja kabla ya yote: usiwapakie samaki wa kliniki kwenye pirogi mpaka umesoma barua hii hadi mwisho. Hata kama wako tayari ndani ya madumu, wape hewa, uwaache, usome.

Mengi ya haya unayajua. Nayaandika hata hivyo, kwa sababu nataka uyaone kwa mwandiko wangu, uone yalivyokuwa upande huu.

Unakumbuka mwaka jana nilipobadilisha vioo vya madirisha kwenye kliniki ya watoto ya Daktari Télesphore. Siku ile aliniambia kwamba huko Kinshasa aliona sanduku kubwa la kioo lenye maji, mimea na samaki, na watoto waliokaa mbele yake walisahau hata sindano inayowangoja. Akaniuliza kama fundi vioo anaweza kutengeneza kitu kama hicho. Nilijibu kwamba kioo ni kioo. Akasema basi nitengeneze moja nyumbani kwangu, nikimwonyesha samaki walioishi ndani yake miezi mitatu, la kliniki ni langu, na anao wenzake wawili watakaotaka pia. Alfani, miaka kumi na minne nakata vioo vya watu wanaoniita tu jiwe likishavunja dirisha. Kwa mara ya kwanza mtu alitaka niunde kitu cha kutazamwa. Nilitoka pale nikienda haraka kama mtu aliyeitwa.

Nilikuja kwako moja kwa moja. Angekuwa nani mwingine? Tumekua uwanja mmoja, ulisimama karibu yangu siku ya harusi yangu, na mto huu unaujua majani na samaki, maana uliwahi kuwatafutia wanunuzi wa samaki wazima. Ulikuja Jumapili moja ya mwezi wa kumi na mmoja, Falonne akapika lituma ya ndizi na pondu ya majani ya muhogo, ukanifundisha. Nasema kweli mbele ya Mungu, ulinifundisha vizuri. Uliniambia niuoshe mchanga wa mto mpaka maji yake yawe meupe. Uliniambia nisitumie maji ya bomba yanayonuka dawa, nikinge ya mvua. Yale majani mazito ya kwenye maporomoko ulinikataza kuyafukia mizizi, tukayafunga kwa uzi juu ya mawe, nawe ukanicheka kwa sababu vidole vyangu vya kukata kioo havijui kufunga fundo dogo. Ukaniambia maji mapya hayafai kwa samaki, lazima yakomae, wiki nne au tano, hata yakiwa na ukungu nisiyamwage.

Nikangoja. Falonne alinitania kila asubuhi akipita na ndoo: "Papa Grâce, pondu yako iko mu maji wiki tatu, itaiva siku gani?" Majirani walikuja kutazama sanduku lisilo na samaki, wakatikisa vichwa kwa adabu. Mimi nilikaa mbele yake nikitoka kazini, nikaona jani la kwanza jipya likichomoza, dogo, limejikunja, na nilifurahi kiasi ambacho sikumwambia mtu.

Mwezi wa pili ulileta samaki sita, wale wenye ubavu unaometa bluu na dhahabu. Grâce aliwapa wote majina siku hiyohiyo. Siku ya tatu walipanda juu kutafuta hewa, siku ya tano hakuna aliyebaki. Nilikuita, ukaja, ukainama, ukatazama pembe zote za sanduku, ukasema maji yangu hayajakomaa. Mwezi wa tatu ukaleta wengine. Wakafa. Ukasema nimewalisha kupita kiasi. Ukaleta tena. Wakafa. Grâce aliwazika wote karibu na choo, ndani ya kopo la sadini kwa sababu hatukuwa na kopo jingine, na siku ya mwisho aliniuliza kama mimi ndiye ninayewaua. Nilimjibu kwamba papa bado anajifunza.

Mwezi wa nne Daktari aliniita akaniambia kwa upole kwamba hawezi kungoja tena, na kwamba wewe umempatia sanduku lililotengenezwa tayari huko Kinshasa, linapanda na boti. Iliniuma. Lakini nilijiambia nimeshindwa kazi, na aliyeiweza ni ndugu yangu, afadhali yeye kuliko mgeni. Nilikuja kukupongeza, unakumbuka? Ulikuwa unatazama chini. Nilidhani unanionea huruma.

Bon. Sasa nifike Jumatatu.

Sanduku lako lilitikisika safarini, likaanza kuvuja kwenye pembe moja kabla hujatia samaki. Wewe ulikuwa umeshashuka Isangi kuwatafuta. Daktari akaniita mimi, fundi aliye karibu. Nikafika na mfuko wangu wa kazi. Nikapiga magoti, nikaanza kukwangua pembe, naye akacheka, akanigusa bega: "Jérémie, tafazali, hapa usitie ile silikoni yako ya kuua samaki, ee?" Nikamuuliza silikoni gani. Akashangaa. Akasema wewe ulimweleza tangu mwezi wa pili kwamba kijana ni fundi mzuri, lakini anaunganisha kwa silikoni ya madirisha, ile ya kuzuia ukungu, na dawa iliyomo inatoka ndani ya maji polepole na kuua samaki. Akasema alifikiri nilishabadilisha, kwa kuwa alijua mimi na wewe ni kama watoto wa mama mmoja.

Mwezi wa pili, Alfani. Kundi la pili la samaki uliniletea mwezi wa tatu.

Hapo ndipo nilipokumbuka ile Jumapili ya kwanza. Nilikuonyesha tyubu yangu ya silikoni kwa majivuno, kwa sababu ni ya hali ya juu, ile ninayowawekea wateja wakubwa kwenye madirisha na bafu, haigeuki nyeusi hata mvua inyeshe miaka kumi. Juu yake imeandikwa antimoisi, yaani ya kuzuia ukungu. Kwangu mimi neno hilo ni sifa. Wewe uliigeuza, ukasoma, ukairudisha juu ya meza, ukaomba maji ya kunywa. Nikakuletea mwenyewe, kwa kikombe cha wageni.

Kosa la silikoni ni langu, silikatai. Fundi vioo yeyote wa mji huu angelifanya. Lakini ulinifundisha kila kitu ila neno moja, na neno hilo ulilitunza kwa ajili ya Daktari. Ulinitazama nikibadilisha maji, nikiosha mawe, nikimdanganya mtoto wangu bila kujua. Umenisaliti. Nimetafuta neno jingine la kistaarabu zaidi siku tatu nzima, sikulipata.

Sasa la kwangu.

Daktari alinipa tyubu uliyomwachia wewe kwa matengenezo, ile safi, yenye picha ya samaki. Kumbe hata ya kutengenezea ulikuwa nayo. Akaitwa chumba cha pili, kuna mtoto alikuwa anatapika. Nikabaki peke yangu sakafuni na tyubu mbili, yako na yangu. Sikufikiri sana. Nilitia yako mfukoni, nikaunganisha pembe kwa ile ya madirisha. Niliifanya kazi nzuri, mstari ulionyooka, usingeona tofauti. Daktari aliporudi nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilitaka ulete samaki wako, wafe mbele ya watoto na mama zao, uiname utazame pembe zote za sanduku, usielewe. Nilitaka mtu akuambie kwamba maji yako hayajakomaa.

Jumatatu nilikula vizuri. Jumanne sikula. Jana nilimpita Daktari njiani, akanisalimia kwa kunishukuru, nami nikajibu kwa kichwa tu. Leo alfajiri Grâce alikuwa anatafuta peremende kwenye mfuko wa suruali yangu akatoa ile tyubu, akaitazama picha, akaniuliza kwa lile pengo lake: "Papa, huyu samaki iko muzima?"

Nilivaa viatu nikaenda kliniki kabla haijafunguliwa. Nikamwambia Daktari yote, ya kwako na ya kwangu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akaniuliza tu kama nilifikiri juu ya watoto, nikasema nilifikiri juu yao, na nilifanya hata hivyo. Hilo ndilo lililoniaibisha zaidi. Kisha akaniachia ufunguo. Nimekwangua ile pembe mpaka kioo kimekuwa kitupu, nimeiosha kwa spiriti mara tatu, nimeunganisha upya kwa tyubu yako. Ikauke wiki nzima, kisha sanduku lijazwe maji, limwagwe, lijazwe tena. Halafu ndipo upande mimea, na maji yaanze kukomaa. Daktari anasema haraka hana tena. Kama sasa una samaki mikononi, warudishe mtoni. Usije nao Jumatatu ijayo.

Umeona, ndugu yangu? Mimi nilinyamaza siku tatu, na tangu siku ya pili nilikuwa siwezi kula ugali. Wewe ulinyamaza kuanzia mwezi wa kumi na mmoja, ukala kwenye meza yangu, ukaninawisha mikono, ukamtazama Grâce akibeba kopo lake kwenda kuchimba. Sikuulizi kuhusu kazi ya kliniki. Ungeniambia unaitaka, tungeifanya wawili, mimi vioo, wewe maji. Nakuuliza tu uliwezaje.

Na hii ndiyo barua niliyotakiwa kuipata kutoka kwako. Haikuhitaji karatasi tatu. Ingetosha kusema: Jérémie, badilisha silikoni.

Sanduku langu nyumbani bado lina ile mimea tuliyoifunga pamoja. Imejaa mpaka juu, majani yanagusana na taa, ni mazuri mno. Samaki hakuna. Wiki ijayo nitalimwaga, nitalifungua vioo vyote vitano na kuanza upya kutoka pembe ya kwanza. Uzi uliofunga wewe sitaukata, maana mizizi imeushika.

Falonne anamsalimu mama yako. Grâce anamsalimu tonton Alfani, na sikumwambia lolote, kwa hiyo salamu hiyo ni safi, ipokee. Msalimie mama kwa niaba yangu, na wavuvi wote wanaonikumbuka. Wewe mwenyewe nimekusalimia huku juu, mwanzoni, kabla mkono haujapata moto. Hiyo ikutoshe mpaka siku utakapokuja kunijibu kwa mdomo wako.

Mimi,
Jérémie, fundi vioo