Chupa ya Mlangoni

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa kazini. Sina pa kuuficha uso wangu.

Leo amekuja mama mmoja maabara. Alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, akakubali tukihifadhi kwa ajili ya utafiti. Ananiambia kwa upole, "Mwanangu, nimekuja kukiaga tu."

Kukiaga! Nami nikajitia utaalamu. Nikampitisha kwenye rafu zote, nasoma lebo za chupa moja moja. Hakipo. Jasho linanitoka. "Labda kiko chumba cha pili, mama."

Nageuka kuelekea mlangoni. Shoga! Unaujua ule mlango wetu unaojifunga wenyewe. Na unajua tunauzuia kwa kitu gani tangu ulipokuwa hapa.

Ile chupa kubwa. Pale chini. Lebo ina jina lake.

Wakati anaingia aliiruka! Aliiruka kwa miguu yake mwenyewe!

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza, "Mama, nisamehe, sisi..." Akainama, akaifuta vumbi kwa ncha ya mtandio wake.

"Usijali, mwanangu. Hata kilipokuwa kwangu kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kuwafungulia watu mlango. Walipita watano."

Bora angenizaba kofi.

Akaomba kiti, akaipakata ile chupa kama mtoto. Mlango ukajifunga nyuma yetu.

Na wewe usinicheke. Tuliichagua pamoja, tena kwa vicheko, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote.