Wimbo Uliosikika Mwimbaji Akinywa Maji

Kwako dada yangu mpenzi,

Pokea salamu tele kutoka kwa Chiriku wako, ambaye tangu aolewe domo limezidi. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi afya ninayo, na mapenzi ninayo mpaka yanamwagika. Ila barua hii uisome ukiwa peke yako, na ukimaliza usimwonyeshe mtu.

Nianze na tamu. Dada, nimeolewa! Bado najiambia hivyo kila asubuhi nikiona viatu vyake vya kazini mlangoni, vimeloa grisi. Anakwenda kukagua mabembea ya bustani ya michezo kabla wageni hawajaingia, na akifika kwenye kona lazima ageuke kunipungia, ingawa nyumba tuliyopewa iko ndani ya ukuta wa bustani hiyo hiyo. Jirani yetu, mkata tiketi, anasema tunamtia kichefuchefu. Mwache atapike.

Sasa sikia. Kwenye tamasha la bustani alikuja yule mwimbaji wa kaseti ya mama! Yule ambaye mama hakuweza kupiga pasi bila yeye, na kanda ikinasa wewe unaizungusha kwa penseli. Nilipopata habari nilipiga kelele mpaka mkata tiketi akaja mbio kuuliza kama nimeanza kupigwa.

Fundi wangu hakucheka. Ndipo aliponieleza siri ya wafanyakazi. Wimbo mashuhuri kabisa wa mzee huyo, ule wa kumngoja mpenzi kituoni, pale bustanini ni ishara ya hatari. Ukisikika kwenye vipaza sauti, kila mwendeshaji anasimamisha chombo chake na kushusha watu huku anatabasamu, ili wasishtuke wakakanyagana. Wageni hudhani wamewekewa muziki wa zamani. Kumbe ndiyo maana siku ya harusi, mpiga muziki alipouweka, bwana harusi aliniacha katikati ya ukumbi akakimbilia mlangoni! Wewe ulisema amekwisha kujuta.

Asubuhi ya tamasha, meneja aliwakusanya wafanyakazi akawaambia kwamba kwa kuwa mzee mwenyewe atauimba, siku hiyo wimbo si ishara. Likitokea lolote waitane kwa redio za mkononi. Shemeji yako akasema redio hazitasikika kwa kelele za jukwaa. Akaongeza kwamba gurudumu kubwa, lile linalopandisha watu juu kwenye viti, linatoa mlio mbaya kwenye beringi, kile chuma linachozungukia, afadhali lipumzishwe. Meneja akamuuliza kama ndoa ndiyo imemtia woga, au ni bibi harusi anayemnyima usingizi. Wenzake wakaangua kicheko. Hayo ya mlio mimi sikuyajua mpaka baadaye. Aliniambia tu nikae karibu na geti.

Sasa mimi na ufupi huu, ningeona nini getini zaidi ya visogo vya watu? Nikapanda gurudumu. Kiti changu kilipofika juu kabisa nikamwona: mzee wa watu, ameketi kwenye kigoda, kichwani hana unywele, koti jeupe limempwaya. Lakini sauti, dada! Ni ile ile. Nilinusa kabisa harufu ya nguo za moto kutoka kwenye pasi ya mama, nikalia kwa raha nikitamani mume wangu awe pembeni.

Baada ya nyimbo kadhaa ukaanza ule wa kituoni. Umati ulilipuka. Mwendesha vimashua akaacha kazi akawa anakata kiuno. Nami niliimba nimefumba macho. Nilipoyafumbua nikatazama jukwaani, na mzee alikuwa na chupa ya maji mdomoni.

Dada, hakuna aliyekuwa akiimba. Wapiga gitaa walikuwa wanajifuta jasho. Mzee akaishusha chupa, akavitazama vipaza sauti kama mtu aliyeitwa na asiyemjua. Kisha akatabasamu, akainuka, akaanza kuimba juu ya sauti yake ya ujanani, na watu wakapagawa.

Nikaangalia chini. Mume wangu, ambaye kumbe ndiye aliyewasha ishara ile baada ya redio kutosikika, alikuwa anapunga mikono yote miwili, kinywa wazi, na hakuna aliyemsikia. Mama anayeendesha gurudumu alikuwa anacheza huku anafungia wengine vitini. Nilipiga mayowe. Nikamwambia baba wa kiti cha nyuma kwamba mwimbaji haimbi. Akanijibu kwamba anaimba vizuri kunishinda.

Kiti changu kikadondoka kidogo, kikakaa upande, na gurudumu lote likaguna. Hapo ndipo shemeji yako alipomsukuma yule mama akazima mtambo. Alituzungusha kwa mkono, kiti cha upande huu, kisha cha upande ule, ili uzito usilale mahali pamoja. Wimbo ukaisha, ukaanza tena. Alipofikia kiti changu alifungua chuma bila kunitazama, halafu akaniona. Alinishika mashavu kwa mikono yake ya grisi, akaniachia, akaenda kwenye kiti kinachofuata.

Hakuna aliyeumia, na hilo ndilo lililotuponza. Gurudumu limepakwa rangi mpya, na Jumamosi wanafunzi wanaletwa kulipanda. Mkaguzi wa serikali alipokuja kuuliza, mume wangu, meneja akiwa amesimama kando, alisema hakuwahi kusikia mlio wowote. Usiku huo alinieleza ukweli amegeukia ukutani: beringi ni ile ile. Akaniuliza tukifukuzwa tutalala wapi. Akaniomba niyameze maneno hayo. Nikameza, nikapika, nikacheka naye.

Dada, leo mchana nilikwenda kwa mkaguzi. Nilimweleza yote, na uongo wa mume wangu nikautaja. Akaniuliza kama najua ni nani atakayeulizwa wa kwanza. Nikamjibu kwamba najua. Kesho asubuhi anakuja kulifunga gurudumu na kumwita fundi wangu.

Yeye hajui kitu. Hivi ninavyoandika yuko chumbani anachagua shati la kesho, ameniuliza lipi linampendeza. Nimemwambia la bluu.

Tafadhali tandika kitanda cha chumba cha nyuma. Tukija wawili, tupokee kama maharusi. Nikija peke yangu, usiniulize kitu mlangoni.

Mpe shemeji salamu zangu, wabusu watoto, na mgongo usiuchoshe kwa kuinua ndoo.

Ni mimi mdogo wako,
Mke wa fundi.