Kanini Amefika Kangeta

Mama, nakusalimu wewe na zizi letu tupu hapo Majimbo. Huku Kangeta kuna manyunyu, na soko lote linanukia miraa mbichi.

Leo muuzaji mmoja wa miraa, mama wa rika lako, alijaribu ule mchezo wa simu niliotengeneza kwa pesa za kumuuza ng'ombe wetu Kanini. Ni mbio za kufikisha miraa kabla haijanyauka. Njiani mle mchezoni akamwona Kanini, maana nilimchora, akasimama kabisa.

"Kijana, huyu hajanywa maji. Mzigo utangoja."

Mtu wa miraa kusema mzigo ungoje! Nikafungua kompyuta papo hapo, nikamchorea karai la maji.

Vaa sweta, Mama. Sijui kama mchezo utauzika, na naogopa. Lakini sasa kila anayecheza lazima asimame, Kanini anywe kwanza.

Njeru wako