Wimbo Usio na Pumzi

Kamina, Jumapili tarehe 9 Juni 2024

Kwa yaya yangu, dada mkubwa mpendwa Éliane,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa mke wangu Masengo na kwa watoto wote wawili. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Bwana. Shekina alishikwa na malaria wiki iliyopita, lakini sasa anakula bukari kama mtu aliyetoka kulima. Natumaini nawe u mzima, na kwamba mgongo wa Mama haumsumbui sana katika baridi hii ya kiangazi. Msalimie shemeji Gaston, umwambie samaki wakavu aliotutumia walifika salama.

Barua hii itakufikia kwa mkono wa mwalimu Kyabu, anayekuja Kabongo kwa pikipiki kuwaona wazazi wake. Najua utajiuliza kwa nini nimejaza karatasi hizi zote wakati simu ipo. Umenilalamikia mara nyingi kwamba tangu mwaka jana sipokei simu zako, najibu kwa maandishi tu, na kila mara nasingizia mtandao. Una haki ya kulalamika. Hii ni mara ya nne naanza kuandika. Kila nikianza nasimama, natembea mpaka kwenye reli, narudi, na sentensi niliyoiacha hainipendezi tena. Leo nimemwomba Masengo anifungie mlango kwa nje mpaka nimalize, na amekubali upesi kuliko nilivyotarajia.

Nianze na habari ya muziki, kwa kuwa ndiyo uliyoiuliza kwanza. Mwezi wa Novemba nilianza kujifunza kutengeneza nyimbo kwa mashini, yaani kompyuta ya kubeba mkononi. Zébédée, yule mwenye duka la kuandika na kuchapisha karatasi karibu na soko, alipata mashini mpya akaniachia ya zamani, yenye ufa kwenye kioo. Ndani yake alinitilia programu ya muziki ambayo watu huipata bure. Alinieleza kwa dakika kumi jinsi inavyofunguliwa, kisha akarudi kwa wateja wake. Mengine yote niliyapata kwa kukosea.

Siku ya kwanza nilibonyeza alama nyekundu ya kurekodi, nikasikia ti, ti, ti, bila kukoma. Nikazima, nikawasha, ikaanza tena. Nilidhani nimeiharibu kabla sijaitumia, nikaifunga kwenye kitambaa, nikapanda baiskeli mpaka kwa Zébédée. Aliisikiliza kidogo, akasema, "Haina ugonjwa, Jessé. Ile njo inakuhesabia. Weye fuata tu." Yaani mashini hupiga mapigo ili mwimbaji asikimbie wala asichelewe. Mimi niliyeongoza korali miaka kumi na miwili kwa mkono wangu nilirudi nyumbani nikiwa na aibu.

Baadaye nilijifunza kupanga ngoma. Kwenye kioo kuna visanduku vidogo vimepangwa kama madirisha ya treni, ukigusa kimoja ngoma inalia hapo. Nilipanga kwa usahihi mkubwa, kila pigo mahali pake. Masengo alikuwa akichambua maharagwe mlangoni, akasema ngoma hiyo inatembea kama askari kwenye paredi, na kwamba hakuna mtu atakayeichezea. Nilikasirika. Kesho yake niliisikiliza tena nikakubali. Mkono wa mtu haupigi mara mbili sawasawa. Nikaanza kusogeza mapigo kidogo kidogo, hili nyuma, lile mbele, mpaka nikamwona anatikisa bega bila kujua.

Kisha nikamwita Nkongolo, yule mwenye sauti nzito wa korali yetu, mtu wa kwanza niliyemrekodi. Tulitundika mablanketi ukutani katika chumba cha kulala, kwa sababu mulen ya jirani husaga mahindi tangu asubuhi na kelele yake inaingia katika kila kitu. Nkongolo aliimba, nikasikiliza, nikamwambia anachelewa. Akarudia. Bado alichelewa. Tulirudia mara kumi na moja, hata akavaa kofia yake akaniuliza kama miaka ishirini ya korali aliipoteza bure. Aliondoka bila kuaga. Kumbe iliyochelewa ni mashini: ilikuwa inachukua sauti yake na kuiweka nyuma ya ngoma. Zébédée alinionyesha mahali pa kurekebisha, nikaenda nyumbani kwa Nkongolo kumwomba msamaha. Alinisamehe, ila kwanza alinifanya nikiri kosa langu mbele ya mke wake.

Wiki mbili za kazi zilipotea siku umeme ulipokatika na betri ikazimika, maana sikujua kwamba lazima kuhifadhi. Sasa nahifadhi kila mstari. Lakini moyo haujatulia, yaya. Nina nyimbo zaidi ya arobaini nilizozianza, na zilizokamilika hazifiki tano. Nikisikiliza moja nasikia nyingine inaniita. Mezani vidole vyangu vinahesabu kwenye ukingo wa sahani. Ofisini mwa shule napiga meza kwa kalamu mpaka mkurugenzi anainua macho. Masengo anasema naishi kama mtu aliyeacha sufuria motoni nyumba nyingine.

Sasa nifike kwenye wimbo wa Pasaka niliokutumia. Uliniandikia kwamba Mama aliusikiliza akalia, kwamba shemeji aliupiga kanisani kwa spika, na kwamba Pasta wenu alisimama akasema mwana wa kanisa hilo ataitwa kuimba siku ya kuweka wakfu kanisa jipya, mwezi wa Agosti. Uliniandikia pia kwamba Mama amekwisha kuwaambia watu wa mtaa mzima, na kwamba ameshona kitambaa atakachovaa siku hiyo ili nimwone kutoka mbele. Nilikujibu kwa neno moja: Amina.

Mwezi uliopita ukaniandikia jambo jingine. Ulisema Mama ameusikiliza wimbo ule mara nyingi, akakuuliza, "Huyu mutoto anapumuaka wapi?" Ulidhani ni maneno ya uzee, ukacheka. Mimi nilikaa na simu mkononi nisijue pa kuiweka. Mama alinifundisha kuimba nikiwa na miaka sita, akiweka kiganja chake tumboni mwangu ili nijue pumzi inatoka wapi. Watu wote wa kanisa lenu walisikia wimbo. Yeye alisikia kwamba hamna mtu ndani yake.

Yaya, sina sauti tena.

Mwaka jana mwezi wa Septemba, nilipowaambia kwamba nakwenda Lubumbashi kwa mafunzo ya walimu, nilikwenda kupasuliwa uvimbe wa shingo. Uvimbe ule ulikuwa umeanza kunibana ninapolala, na nilikuwa nimeuficha chini ya kola za shati kwa muda mrefu. Daktari alinionya kabla. Alinionyesha kwa kidole mahali ambapo mshipa wa sauti unapita, akasema uvimbe umeshikamana nao, na kwamba nikipona huenda nisizungumze kama zamani. Nilitia sahihi. Uvimbe umetoka, haukuwa na ubaya mwingine ndani, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini nilipozinduka nikataka kumwita Masengo, kilichotoka ni upepo. Tuliambiwa tusubiri miezi sita. Imepita. Sasa naweza kusema, lakini ni sauti ya mzee aliyekauka koo, na kuimba siwezi hata mstari mmoja.

Kwa hiyo simu zako sikuzipokea. Niliwaandikia kwamba nimepandishwa cheo na kuhamishiwa ofisini. Kweli nimehamishiwa ofisini, ila ni kwa kuwa watoto wa mstari wa nyuma darasani hawanisikii. Korali ya hapa wanajua. Niliwasihi wasimwambie mtu yeyote wa Kabongo, na Nkongolo sasa njo anaongoza mahali pangu.

Mashini niliitafuta kwa sababu hiyo. Sikuweza kukaa kanisani nimefunga mdomo, wala sikuweza kukaa nyumbani. Nilitaka kitu cha kuwekea nyimbo zilizokuwa zikizunguka kichwani bila kupata mlango.

Na wimbo wa Pasaka nilivyoutengeneza, sikiliza. Katika simu yangu ya zamani nilikuwa na rekodi ambazo nilikuwa nikiwatumia wanakorali ili wajifunze sehemu zao. Nilizitia zote katika mashini, nikazikatakata. Neno "aksanti" nililitoa katika wimbo wa mavuno, neno "Mama" katika wimbo wa mazishi ya Baba. "Kaburi" sikuwa nalo, nikaunganisha vipande vya maneno matatu. Kila pumzi niliyoikuta kati ya neno na neno niliifuta, kwa maana ilikuwa inaonyesha mahali nilipokata. Kazi hiyo ilinichukua wiki tano. Ilipokwisha nilimwita Masengo asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Ni muzuri. Lakini utabaficha mpaka siku gani?" Nilimjibu kwamba nakutumia wewe peke yako, kama zawadi. Sikufikiri kwamba itafika kwenye spika ya kanisa. Kusema kweli nilifikiri, na nilifurahi ulipoandika kwamba walisimama. Kwa nusu saa nilikuwa mwimbaji tena.

Nisamehe, yaya. Si kwa kuugua, ni kwa kukuacha mwezi hadi mwezi ukimwambia Mama kwamba mtandao wa Kamina ni mbaya. Niliogopa uso wake. Baba alipokufa, Mama alisema nyumba yetu imebaki na sauti moja, nami sikujua namna ya kumwambia kwamba nayo imekwenda.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumamosi, nilikwenda kwenye mazoezi ya korali, mara ya kwanza tangu operesheni. Niliwaambia nimeamua kuwaandikia ninyi ukweli. Nkongolo alisema basi na tufanye kazi. Tumeandaa wimbo wa kuweka wakfu kanisa. Maneno ni yangu, ngoma nimeipanga mimi, Noémie anaongoza sauti ya juu, na wengine wameimba pamoja chumbani kwetu, watu tisa kati ya mablanketi, mpaka tukafungua dirisha ili tusizimie. Mulen ya jirani inasikika kwa mbali katika mstari wa pili. Nimejaribu kuitoa, haitoki, nimeiacha.

Kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu iliyobandikwa chini ya karatasi hii ina vitu viwili. Cha kwanza ni wimbo huo. Mpe Pasta ausikilize, umwambie ukweli wote, na kama bado anataka, Nkongolo na Noémie wako tayari kuja nami mwezi wa Agosti. Kama hataki, nitakuja vilevile na nitakaa katikati ya watu. Cha pili ni sauti yangu ya sasa, dakika tatu. Namsalimu Mama, namweleza mwenyewe habari ya shingo, namwomba msamaha. Sikukata kitu. Kuna mahali nakohoa, na mahali sauti ilikatika kabisa nikaanza upya.

Usimpe asikilize akiwa peke yake, wala mbele ya wajukuu. Keti naye nyuma ya nyumba, asubuhi, akiwa amekwisha kunywa chai. Nadhani hatanitambua. Atakuuliza huyu mzee ni nani anayejua jina lake la utotoni. Umwache asikilize mpaka mwisho, kisha umwambie ni Jessé.

Nawasalimu wote wa nyumbani kwako, mmoja mmoja kwa jina lake, na jirani wanaotukumbuka. Masengo anakusalimu, amegonga mlango mara mbili kuuliza kama bado niko. Bwana awalinde, na Mama apate usingizi mwema.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Jessé